Nani kasema gololi imekufa?

Najua nimekuwa kimya, mitihani ya katikati ya muhula ilinikaba koo. Leo sina habari za theluji ya Minnesota wala za chakula cha kantini. Nina ubishi. Wiki nzima nimebishana na jamaa yangu Mkenya anayesoma uhandisi hapa chuoni, na kwa kuwa hapa ninayeandika ni mimi, leo nasema peke yangu. Yeye atajibu akitaka.

Hoja yangu ni hii: kitu kikiharibika, usinunue kipya na usikimwagie mafuta kabla hujahamisha. Hamisha nini? Ngoja nieleze, maana kisa chenyewe ni cha kabati la gemu.

Kwa walioko nyumbani: huku Marekani kuna watu wazima kabisa, wenye wajukuu, wanaoweka nyumbani mashine ya gemu kama zile zilizojaa kwenye kumbi za michezo miaka ya 1980. Ni kabati refu kama la nguo, skrini juu, vitufe mbele. Wengi wanajijengea wenyewe. Ndani wanaweka kompyuta ya kawaida yenye MAME, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1997, inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya zamani. Mwenye nyumba wetu (tumepanga kwake wanafunzi wanne, mtaa wa pili kutoka kampasi) analo moja, chumba cha chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia. Namwita Mzee. Mwanzoni alidhani ni jina langu la utani kwake, nikamweleza ni heshima, sasa akichelewa kuitwa hivyo anauliza kulikoni.

Katikati ya meza ya vitufe kuna tufe la plastiki gumu, kipenyo inchi 3, limezama zaidi ya nusu. Unaliviringisha kwa kiganja. Wenyewe wanaita trakiboli. Ukitaka kuielewa haraka, kumbuka kile kipanya cha zamani chenye gololi tumboni, halafu kipindue tumbo juu. Basi. Wazo lenyewe limezitangulia gemu: Ralph Benjamin, akifanya kazi kwa jeshi la majini la Uingereza, alilibuni mwaka 1946 kwa ajili ya mitambo ya rada. Wakanada nao, kwenye mradi wao wa DATAR mwaka 1952, walitumia tufe la mchezo wa bowling, lile la kurusha kuangusha vigingi. Sisi tukicheza gololi uani hatukujua tuko karibu na teknolojia ya kijeshi.

Gemu zinazoitaka trakiboli si nyingi ila ni za heshima zake. Kuna Missile Command ya mwaka 1980, kuna Golden Tee ya gofu iliyoanza mwaka 1989, na kuna Centipede ya mwaka 1981, kazi ya Dona Bailey na Ed Logg wa Atari. Mzee anacheza hiyo Centipede tu. Jongoo anashuka kutoka juu kati ya uyoga, wewe uko chini unampiga, na inabidi uruke kutoka upande huu hadi ule kwa haraka ambayo kijiti cha kawaida hakikupi. Ndiyo maana trakiboli ikigoma, kabati zima ni mzigo. Na ikagoma! Juu na chini sawa kabisa. Kushoto na kulia, unaviringisha weeee, mpigaji anatetemeka pale pale kama mtu mwenye homa.

Sasa sikilizeni ushauri uliotolewa kabla hata bisibisi haijashikwa. Mpangaji mwenzetu mmoja: safisha, ni uchafu. Jirani wa Mzee: ipulizie mafuta. Mkenya wangu, kwa sauti ya mtu aliyelipiwa ada: "Buda, hiyo kitu imekufa. Nunua ingine." Nyingine aliyoiona Mzee ilikuwa zaidi ya dola 100. Kwa Mzee si pesa ya kumlaza njaa, lakini ni mstaafu, alikunja uso. Mimi ningekuwa na dola 100 za kununua kitu ambacho sijui kama ndicho kibovu, ningemtumia mama.

Wote watatu walikuwa na jibu kabla ya kuuliza swali, na hiyo ndiyo inayonikera. Uchafu unaweza kuwa sababu, ni kweli. Tufe linakaa juu ya rola mbili zilizosimama pembe mraba, pamoja na kiberingi kimoja cha kulisaidia lisiyumbe. Rola moja inasikia kushoto na kulia, nyingine juu na chini. Jasho na vumbi vya kiganja vinajikusanya kwenye rola, vinatengeneza mkanda mweusi, tufe linateleza badala ya kuizungusha. Lakini uchafu una tabia yake: kishale kinakwama-kwama, kinaruka, mara kinakwenda mara hakiendi. Hakitetemeki pale pale kwa mpangilio. Beringi yenye kutu nayo ina tabia yake, utaisikia mkononi inakwaruza. Kila ugonjwa una kikohozi chake. Na hayo mafuta ya kupuliza ndiyo sitaki kuyasikia kabisa, maana yanatambaa hadi kwenye rola yenyewe, tufe linateleza zaidi, na vumbi linapata gundi. Beringi inataka tone moja la mafuta mepesi, haya ya cherehani yanafaa, na liishie hapo hapo kwenye beringi.

Hapa kwenye kutetemeka ndipo utamu ulipo, naomba mnivumilie.

Mwisho wa kila rola kuna kigurudumu chenye mianya kama meno ya kitana. Kigurudumu kinapita katikati ya bodi ndogo yenye taa na sensa. (Sensa hii si ile ya kuhesabu watu, ingawa na yenyewe kazi yake ni kuhesabu.) Taa inamulika, mianya inapita, sensa inaona mwanga, giza, mwanga, giza. Lakini sensa moja haitoshi! Inaweza kukuambia mianya mingapi imepita, haiwezi kukuambia imepita kuelekea wapi. Kwa hiyo kila upande una sensa mbili, zimepishana kidogo.

Fikirieni mlango wa bweni. Weka walinzi wawili, mmoja nje kidogo ya kizingiti, mwingine ndani kidogo. Mtu akionwa kwanza na wa nje kisha wa ndani, anaingia. Akionwa kwanza na wa ndani, anatoka. Mpe kila mlinzi waya wake wa kupeleka taarifa kwa matroni, na matroni atajua muda wote bweni lina watu wangapi. Sasa mlinzi mmoja asinzie. Wa pili bado anapiga kelele "mtu! mtu!" lakini matroni hajui anayepita anaingia au anatoka. Kwenye trakiboli matroni ni ile bodi inayounganisha na kompyuta. Bodi nyingi zikipata taarifa za mlinzi mmoja tu zinahesabu hatua moja mbele, hatua moja nyuma, mbele, nyuma. Huo ndio mtetemeko. Bodi nyingine zimetengenezwa tofauti, hizo zitakipeleka kishale upande mmoja tu hata ukiviringisha kinyume. Na kama walinzi wote wawili wamelala, au umeme haufiki, kishale hakisogei kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, ule mtetemeko ulikuwa umeshatuambia kitu: rola inazunguka, kigurudumu kinazunguka, umeme upo, mlinzi mmoja yuko macho. Tunamtafuta aliyelala. Je, safisha-safisha ingemwamsha? Labda kama vumbi limekaa mbele ya jicho lake. Mafuta? Kamwe.

Basi Jumamosi Mzee akakubali tujaribu kwa mpangilio, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hili la kimoja kwa wakati mmoja nilikuwa mkali kama msimamizi wa mtihani. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja na kikapona, hujui kilichoponya.

Kwanza tulitoka kwenye gemu, tukaangalia kishale kwenye skrini ya kawaida ya kompyuta, kwa sababu kompyuta inaiona trakiboli kama kipanya tu. Kikatetemeka vile vile. Kwa hiyo si mipangilio ya MAME (na watu wanapoteza siku nzima humo wakiongeza na kupunguza wepesi wa tufe). Tukachomeka kipanya cha kawaida, kikaenda vizuri kushoto na kulia. Kwa hiyo kompyuta haina kosa.

Halafu ndiyo kule kuhamisha. Kwenye bodi ya kuunganisha kuna plagi mbili zinazofanana, moja ya kushoto-kulia, moja ya juu-chini. Zima umeme, zibadilishane, washa. Ukiviringisha juu na chini sasa, kishale kinakwenda kushoto na kulia, safi kabisa, bila kutetemeka. Ukiviringisha kushoto na kulia, kinatetemeka kwenda juu na chini. Ugonjwa umehama! Sehemu ya bodi iliyokuwa inaonekana mbovu, kumbe nzima. Dakika tano, senti sifuri.

Mkenya akapiga makofi. "Si nilisema? Trackball imekufa."

Hapana bwana. Hapa ndipo hata watu wanaojua kuhamisha wanapoanguka. Jaribio lile halikusema trakiboli ni mbovu. Lilisema ubovu uko upande wa huku wa plagi. Na upande wa huku kuna nini? Kuna tufe, rola, sensa... NA WAYA. Plagi tulizobadilishana ziko mwisho wa waya, kwa hiyo waya nao ulihama pamoja na ugonjwa. Kati ya trakiboli na bodi ya Mzee kuna kifungu cha nyaya kama nusu mita, na kinachomoka pande zote mbili. Ukinunua trakiboli mpya ya zaidi ya dola 100 ukaichomeka kwenye kifungu kile kile, unadhani nini kitatokea?

Tukafungua. Uchafu ulikuwepo, sikatai, tukaufuta kwa pamba na spiriti, tukajaribu tena: mtetemeko pale pale. (Mpangaji mwenzetu akanyamaza.) Mzee akataka kujua kama taa za sensa zinawaka, kwa kuwa kwa jicho huzioni, mwanga wake ni kama wa rimoti ya televisheni. Kuna ujanja: ziangalie kupitia kamera ya simu. Kamera nyingi, hasa ya mbele, zinauonyesha kama ka-mwanga ka zambarau. Zote zilikuwa zinawaka. Mzee alifurahi mpaka akaenda kumuita jirani aje aone.

Kwenye trakiboli hii bodi mbili za sensa zinafanana, skrubu chache tu. Tukazibadilishana, ya kushoto-kulia ikaenda juu-chini. Kama sensa ndiyo imelala, ugonjwa ungeifuata. Haukuifuata. Ulibaki kwenye waya ule ule. Tukachukua ile mita ya mafundi wa redio, tukapima njia za taarifa moja moja huku tunazungusha rola polepole kwa kidole. Njia nzima inapanda karibu na volti 5 na kushuka karibu na sifuri, inapanda, inashuka. Upande wa trakiboli zote zilifanya hivyo. Upande wa bodi, moja haikucheza kabisa. Mlinzi hakuwa amelala jamani! Alikuwa anapiga kelele, simu ndiyo imekatika.

Waya ulikuwa umekatikia ndani ya plastiki yake, karibu na plagi, pale unapokunjwa kila Mzee anapoinua meza ya vitufe kusafisha. Kwa nje mzima kabisa. Tukakata kipande kidogo, tukaunga, tukalehemu, tukaufunga mahali ambapo hauvutwi tena. Mzee akacheza Centipede mpaka saa nne usiku.

Sasa Mkenya anasema nilibahatisha, na kwamba muda wetu wa Jumamosi nzima una thamani kuliko dola 100. Hiyo ya muda ni hoja ya kweli, siifichi. Kwa mtu anayelipwa vizuri kwa saa, kununua kunaweza kuwa nafuu. Ila nafuu hiyo inataka kwanza ujue unanunua nini. Na hata kama trakiboli mpya ingekuja na nyaya zake mpya na ikafanya kazi, bado ningeona ni hasara, kwa sababu nyumba nzima ingeamini ile ya zamani ilikufa. Ingetupwa ikiwa nzima. Na ule mkunjo wa waya ungebaki pale pale, ukisubiri ya pili.

Wala msidhani naisifu nyumbani na kuiponda Marekani. Najua mtasema "Bongo fundi angeitengeneza." Wengine ndiyo. Nimekaa na fundi redio aliyekuwa anasikiliza kifaa kama daktari. Lakini wapo pia wanaobadilisha spea moja baada ya nyingine kwa pesa yako mpaka kikiwaka, ukimuuliza ilikuwa nini anakwambia "ilikuwa na shoti." Huyo na Mkenya wangu tofauti yao ni duka tu.

Mnajua kwa nini nimeshupalia hili? Kwa sababu niko mafunzo kwa vitendo, shule ya msingi, siku mbili kwa wiki. Kuna mtoto mmoja wa miaka tisa ambaye kila mtu ameshasema ni mbovu wa hesabu. Ushauri ni ule ule wa kina jirani: mwongezee mazoezi. Au mpeleke kundi la chini. Nikachukua karatasi zake nikaziangalia kama tulivyoangalia ule mtetemeko. 52 toa 27, kaandika 35. 41 toa 18, kaandika 37. Lakini 86 toa 43, kaandika 43, sahihi. 79 toa 25, kaandika 54, sahihi. Mnaona? Hakosei ovyo. Kwenye kila safu anatoa tarakimu ndogo kutoka kubwa, bila kujali ipi iko juu. Pasipohitaji kukopa anapata, panapohitaji kukopa anakosa, kila mara kwa namna ile ile. Kutoa anakujua, na tarakimu anazijua. Kuna waya mmoja.

Na hili si wazo langu. John Seely Brown na Richard Burton waliandika mwaka 1978 kuhusu makosa ya namna hii, wakaonyesha kwamba mtoto anayekosea mara nyingi anafuata kanuni yake kwa uaminifu kabisa, ila kanuni yenyewe ina kasoro mahali. Wakatengeneza hadi programu ya kompyuta, BUGGY, ya kuwafundisha walimu kuitafuta kasoro hiyo. Mwaka 1978, yaani kabla ya Centipede! Tumesoma, tumejibu kwenye pepa, tumepata alama. Halafu tunaingia darasani tunaweka mikasi kumi nyekundu na kuandika "ongeza bidii". Huyu mtoto ukimwongezea mazoezi ya kutoa mia moja, atarudia kosa lile lile mara mia. Ni yale mafuta ya kupuliza.

Mwalimu wangu wa darasa si mtu mbaya, ana watoto wengi na dakika chache. Nilimwonyesha, akasema "inavutia," kwa ile sauti ya huku ambayo haina maana ya kuvutia. Kikao cha kupanga makundi ni Alhamisi. Mimi kwenye kikao ni mwanafunzi tu, naruhusiwa kukaa na kusikiliza, na kuzungumza nikiulizwa.

Kwa hiyo nimeandaa maswali kumi na mawili. Sita ya kukopa, sita yasiyo ya kukopa, nimeyachanganya. Kesho nampa mtoto ayafanye, kisha nakaa naye na vijiti vya makumi na mamoja nimwone anapofika kwenye kukopa anafanya nini mkononi, si kwenye karatasi. Kama kwa vijiti anakopa bila shida, basi tatizo liko kati ya mkono na karatasi, na hilo halihitaji kundi la chini. Kama hata kwa vijiti hakopi, ni habari nyingine, nitarudi nyuma zaidi. Karatasi zote nitakwenda nazo Alhamisi, nizishike mapajani, nisubiri kuulizwa.

Walimu watarajiwa wenzangu mlioko Dar, Dodoma na Morogoro, mliokwisha kwenda mafunzo kwa vitendo: hivi nyinyi mlifanyaje mkitaka kusema kitu kwenye kikao cha walimu na hamjaulizwa? Niambieni kabla ya Jumatano usiku, saa za kwenu.

Haya, nina ripoti ya kurasa nane na sijaanza. Halafu Mzee anapiga ngazi kwa ufagio, anasema jirani kampita alama.